Kufuli Tano za Balozi

Nianze na funguo, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikifika kabla yake. Umekaa kibarazani kwako Rusimbi, hapa Ujiji, unamenya muhogo, mara unasikia chaling, chaling, chaling, na kabla hujageuza shingo umeshajua ni Balozi. Funguo tatu kwenye kamba ya buluu kiunoni, na mwendo wa kuzichezesha makusudi, kama ng'ombe anayeongoza kundi akadhani kengele ni cheo.

Hakuwa balozi wa nchi yoyote. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na katika hizo kumi, mbili zilikuwa magofu. Lakini ukimwita "Mzee" alikuangalia mpaka ujisahihishe. Jina lake ninalijua, mkewe analijua, na sisi wawili tulikubaliana bila kukaa kikao kwamba halina kazi.

Mimi nilikuwa katibu wake kwa miaka tisa. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nina mwandiko unaosomeka, na siku zote napatikana nyumbani. Hiyo sifa ya tatu ndiyo iliyoniponza. Watu wa Ujiji wananitania kwamba nimezaliwa hatua chache kutoka ziwani na bado nikipanda mtumbwi uliofungwa kwenye mti natapika. Ni kweli. Mimi na ziwa tunaheshimiana kwa mbali. Kwa hiyo mtu asinisikie namsema Balozi akadhani nilikuwa shujaa. Nilimdharau nikiwa nimekaa, na kalamu yake iko mkononi mwangu.

Mambo ya dunia aliyasomea kwenye usukani. Enzi za makambi ya wakimbizi aliendesha magari meupe ya mashirika, baadaye akawa anawapeleka wakubwa kwenye mikutano ya amani na kuwasubiri nje mpaka jua lizame. Baraza la usalama la dunia alilijua kama mtu anavyoijua harusi aliyoioshea masufuria. Alirudi na kalamu za mikutano, chupa za maji ambazo mkewe alizitilia mawese, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni cha mkutano uliokwisha zamani. Hicho alikivaa misibani.

Pale kijiweni kwa kahawa alikuwa akikusanya vikombe vitano vilivyokwisha kunywewa na kuvipanga mstari mmoja.

"Hawa watano," anasema, anavigonga kimoja kimoja kwa ukucha. "Hawa watano wana kura ya turufu. Mmoja akisema hapana, dunia nzima inakaa kimya. Watu wanakufa, yeye anasema hapana. Huo ni utawala?"

"Siyo," tunajibu, maana kahawa siku hiyo analipa yeye.

"Afrika nzima haina hata kiti kimoja cha kudumu. Sisi ni watu wa kusimama mlangoni?"

"Sisi siyo."

"Basi lile baraza lifumuliwe. Viti vizunguke. Turufu ifutwe. Mwenye nyumba inayoungua ndiye asikilizwe kwanza."

Sitamwibia haki yake: alisema vizuri. Nywele za mikono zilikuwa zinanisimama, na mimi si mtu wa kusimamiwa na nywele ovyo. Siku moja muuza kahawa, huku anafuta birika lake, akamuuliza kwa upole kabisa, "Balozi, na kufuli za mwaloni nazo zizunguke?"

Balozi akaweka kikombe chini. "Yale," akasema, "ni mambo ya ndani."

Kufuli zenyewe zilikuwa hivi. Mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ulipata boti ya uokoaji kutoka kwa mradi fulani, iwe ya kamati ya ujirani mwema: wavuvi wa kwetu, wa upande wa Burundi na wa upande wa Kongo. Kulikuwa na wezi wa injini ziwani, na kulikuwa na upepo, na watu walikuwa wanapotea. Boti, injini yake na madumu ya petroli vikawekwa kwenye stoo yenye mlango wa chuma, palepale mchangani. Mwezi wa kwanza tu ile boti ikatumika kupeleka harusi. Kamati ikaitwa, ikakasirika, ikataka dawa ya matumizi mabaya. Balozi akasimama na dawa yake: komeo moja refu lenye matundu matano, na kufuli tano. Moja ya wenye mitumbwi, moja ya wafanyabiashara wa samaki, moja ya upande wa Burundi, moja ya upande wa Kongo, na moja yake mwenyewe kama mlezi wa amani. Mlango haufunguki mpaka watano wote wawe wamekubali.

"Hapa hakuna atakayeonewa," akasema. Tukapiga makofi. Kwenye muhtasari niliandika makofi. Sikuandika kwamba bibi harusi alikuwa binti yake, wala kwamba yeye mwenyewe alikaa mbele ya boti amevaa tai, akipungia watu wa ufukweni kama anayezindua daraja.

Halafu ikatokea jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema. Wajumbe wa Burundi na wa Kongo ni watu wa biashara, leo wako huku, kesho wamevuka. Wakivuka, ufunguo wanauacha kwa nani? Kwa Balozi. Ndiyo maana ya zile tatu kiunoni. Mtu aliyewalaani watano kwa kushika turufu moja moja, yeye peke yake alishika tatu. Mimi na hesabu zangu za kufeli nililijua hilo. Nikaandika: "Funguo zipo mahali salama."

Neno lake kubwa lilikuwa "tusikurupuke." Alilisema kwa kila kitu. Mvua inanyesha juu ya dagaa walioanikwa, wanawake wanakimbia na maturubai, yeye amesimama chini ya bati: tusikurupuke. Muhtasari wangu aliurudisha mara tatu kwa ajili ya pambizo, na mara ya nne kwa sababu nilikuwa nimeandika "tulibishana" badala ya "tulibadilishana mawazo." Alisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akanikopa kalamu ya buluu ili aweke sahihi.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa tofauti. Nilikwenda siku moja kumpelekea barua nikamkuta mkewe amekaa jikoni anachagua dagaa, nikamsalimia na kumuuliza kama mwenyekiti wetu wa kamati yupo.

"Mwenyekiti gani?" akasema. "Hapa ndani ana kiti cha plastiki, na mguu mmoja umepasuka."

Balozi akatokea mlangoni, akasema kwa sauti ya kikao kwamba lile jogoo jekundu lisichinjwe mpaka wote walizungumze.

"Baba, lile limeshaiva," mkewe akasema. "Wewe pinga tu. Utapewa paja."

Akalipinga, akapewa paja, akalila lote. Mimi nikapewa shingo.

Sasa nitasema jambo moja jema lake, ili nisionekane kwamba nimekuja na panga tu. Miaka mingi nyuma Mrundi mmoja, mkimbizi aliyekuwa akibeba mizigo mwaloni, alisingiziwa kaiba wavu. Watu wakamzunguka na mawe. Balozi akajisimamisha mbele yake na kile kitambulisho shingoni, akataka orodha ya mashahidi. Akataka iandikwe. Akataka isomwe, kisha akakuta majina hayajapangwa kwa alfabeti. Watu walichoka. Mawe ni mazito ukiyashika kwa saa nzima huku unatajiwa vifungu. Polisi walipofika, wavu ulikuwa umeshapatikana kwenye mtumbwi wa mwenye wavu. Yule Mrundi ndiye baadaye aliyekuja kuwa mjumbe wa upande wa Burundi, na ndiyo maana ufunguo wake alimwachia Balozi bila kufikiri. Ukimuuliza alikuwa anasema tu, "Ego, ego, ndiyo, yule ni baba yangu." Nadhani siku ile ndiyo iliyomharibu Balozi. Kuchelewesha kulimwokolea mtu mara moja, akadhani ndiyo kazi ya kuchelewesha siku zote.

Anayenifanya niandike haya si yeye lakini. Ni Mama Neema.

Mama Neema anaanika dagaa mwaloni, babu yake alivuka kutoka Kongo. Mumewe ni mvuvi, na mdogo wake Mama Neema mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto wawili, alikuwa akivua naye mtumbwi mmoja. Siku moja aliingia kwenye kikao chetu na mfuko wa rambo. Hakuwa mjumbe. Akatoa kufuli tatu za kwake za nyumbani, akazipitisha moja ndani ya nyingine kama mnyororo, akawapa watu wawili wazishike huku na huku.

"Papa Balozi, angalia," akasema. Akafungua ya katikati, mnyororo ukaachia. Akaifunga, akafungua ya pembeni, mnyororo ukaachia. "Kufuli ni zilezile tano, kila mtu na yake, hakuna anayenyang'anywa. Ila tuzifunge hivi. Akiwepo mmoja tu, mlango unafunguka."

Kitu kilikuwa rahisi mno mpaka kikatutia aibu.

"Mama," Balozi akasema, "sasa hapo kufuli yangu itakuwa na kazi gani?"

"Kufungua."

"Na kukataa je?"

"Kukataa, Papa, unaweza kukatalia nyumbani."

Watu walicheka, na kule kucheka ndiko kulikoiua hoja. Balozi akavuta kamba yake ya buluu. "Hoja imepokelewa. Iundiwe kamati ndogo." Kamati ndogo tukawa watatu: Balozi, mimi, na mjumbe wa Kongo ambaye hakuwepo. Haikukaa hata mara moja. Kila Mama Neema alipopita kibarazani kwangu na beseni lake alisimama.

"Papa Katibu, kamati ndogo imekaa?"

"Bado, Mama."

"Mume wangu na mdogo wangu wako majini."

"Najua, Mama."

"Vizuri kama unajua," anasema, anaendelea na safari. Nikawa nahamishia mihogo yangu uani.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mitumbwi inarudi. Mmoja ukaja na habari: wezi wamechukua injini ya Baba Neema alfajiri, na makasia, wamewaacha yeye na shemeji yake wanaelea, na upepo wa nchi kavu unawasukuma kuelekea katikati. Waliowaona hawakuweza kuwavuta, mafuta yalikuwa yamebaki ya kuwafikisha nyumbani tu. Na sasa ule upepo ulikuwa umeinuka kiasi kwamba mtumbwi mdogo usingetoka. Ile boti ilitengenezwa kwa siku kama hiyo hasa.

Funguo mbili zilifika kabla sijafika mimi. Mwenye mitumbwi alikuja na mswaki mdomoni. Tatu zilikuwa Mwandiga, nje ya mji, kiunoni mwa Balozi, ambaye alikuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule, akisubiri kuzungumzia mageuzi ya baraza la dunia. Nikampigia.

"Balozi, wenye funguo wawili wako hapa. Umebaki wewe."

"Nasubiri kuitwa jukwaani, Katibu. Amebaki mtu mmoja."

"Kuna watu majini. Baba Neema na shemeji yake."

"Mmethibitisha? Kuna taarifa ya maandishi?"

"Basi mpe mtu wa bodaboda azilete."

"Funguo za nchi za watu nimpe bodaboda?" Nilisikia makofi nyuma yake. "Tusikurupuke. Nikimaliza nakuja."

Simu yangu ni ile ndogo inayosikika mtaa mzima. Mama Neema alikuwa amesimama pembeni yangu, alisikia kila neno. Alikuwa anatazama mkono wangu. Ndipo na mimi nikautazama, nikaona kwamba katika haraka ya kutoka nyumbani nimebeba daftari la muhtasari.

Fundi mmoja akasema tuvunje. Wengine wakasema mlango ni wa mradi, una nembo. Wote wakanigeukia mimi, katibu, na mimi nikasema, "Tusubiri kidogo, anakuja." Sentensi hiyo ni yangu. Nimejaribu mara nyingi kumpa Balozi, haikubali kwenda.

Alifika saa nane mchana. Alishuka kwenye gari la shule, shada la maua ya plastiki shingoni, akafungua kufuli zake moja moja, kila moja akiifuta kwanza kwa leso. Boti ikatoka. Waliukuta mtumbwi mbali sana, Baba Neema amelala ndani yake, midomo imepasuka. Shemeji yake hakuwemo. Alikuwa amekaa akitazama upande wa nchi kavu mpaka saa sita, akaona hakuna anayekuja, akasema basi nitawafuata mimi, akajitupa majini na dumu tupu la mafuta. Dumu lilipatikana.

Msibani Balozi alikuja na kitambulisho. Akasimama, akasema kwamba hata huko duniani vyombo vya usalama huchelewa, ndiyo maana yeye siku zote anapigania mageuzi. Mkewe, kutoka upande wa wanawake, akasema, "Kaa." Akakaa. Ni azimio pekee nililoliona likitekelezwa papo hapo.

Baada ya arobaini, wanawake wanaoanika dagaa walimleta fundi wa kuchomelea kutoka Buzebazeba. Hakugusa komeo. Hakugusa kufuli hata moja. Alikwenda upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba, akakata pini, akaweka nyingine zenye kishikio. Ukizivuta, mlango unafunguka kwa upande wa bawaba, wazi kabisa, na kufuli tano zimebaki mahali pake zinang'aa. Pini ziko kwa nje, mtu yeyote anazifikia.

Tangu hapo boti inatoka bila kumuuliza mtu. Na kamati nayo iliendelea kukaa kila mwezi. Tulifungua kwa sala, tukasoma muhtasari, tukafika kwenye hoja ya kufuli, Balozi akasema suala hili ni nyeti, mwenye mitumbwi akakohoa, nami nikaandika: "Iendelee kujadiliwa." Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa ndiyo starehe yetu ya mwezi. Tulimtazama akigusa funguo zake na tukatazama miguu yetu ili tusicheke. Mimi hasa niliifaidi. Niliwahi kutoka nyumbani wakati wa mvua ili nisikose kikao.

Nilimwona mara ya mwisho kiangazi hiki. Miguu imemchoka, nyumba kumi wamempa mtu mwingine, lakini funguo bado anazo, na kila Ijumaa baada ya swala anashuka mwaloni na kichupa cha mafuta ya cherehani kupaka kufuli. Nilikuwa nimetumwa chumvi. Nikamkuta ameinama pale mlangoni.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Katibu." Akageuza kufuli ya Kongo, akaidondoshea tone. "Unaona? Hata kutu hakuna. Miaka yote hii mlango huu haujafunguliwa kinyume cha utaratibu."

Chini ya mlango kuna uwazi wa kupitisha paka. Kupitia hapo niliona sakafu tupu. Boti ilikuwa nje, imekwenda kuvuta wafanyabiashara wa Burundi walioharibikiwa injini, na muungurumo wake ulikuwa unasikika, unarudi. Nikaiuma midomo yangu kwa ndani, kama kikaoni. Balozi naye aliusikia. Kichwa chake kiligeuka kidogo kuelekea ziwani, kikasimama, kikarudi kwenye kufuli.

Alipomaliza ya tano akafunga kichupa, akakiweka mkononi mwangu.

"Zile bawaba za upande wa pili zinapiga kelele," akasema bila kuniangalia. "Zipake. Mtu anaweza kusikia."

"Mtu gani, Balozi?"

"Mtu yeyote mwenye wadhifa."

Akaondoka, chaling, chaling, akipandisha ule mchanga taratibu. Nikabaki na kichupa. Miaka yote niliweka akiba ya dharau kwa ajili ya mjinga, na sasa naambiwa mjinga hayupo. Alijua. Alikaa katika vile vikao vyote, anajua, akasema suala hili ni nyeti, na pengine sisi tulipotazama miguu yetu yeye alitazama utosi wetu. Angeweza kuzitoa kufuli kwa mkono wake, mchana, watu wanaona. Aliona afadhali kuzipaka mafuta.

Na mimi, kwa tabia ileile iliyonifanya katibu, nikazunguka upande wa pili, nikachuchumaa, nikafungua kichupa.

"Unafanya nini hapo, Papa Katibu?"

Mama Neema alikuwa kwenye vichanja, anageuza dagaa kwa ufagio.

"Bawaba," nikasema. "Balozi ametoa mafuta. Anasema zinapiga kelele."

Akauegemeza ufagio kwenye kichanja. Akanisogelea, akakichukua kichupa, akakinusa, akakifunga vizuri mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Mlango huu ukifunguliwa, nataka asikie."